Bampa la Mbele, Siku za Eda

Babu alipofariki, mimi nilirithi ngazi. Wakubwa walikuwa bado wanangoja mirathi igawanywe kwa utaratibu wake, lakini changu nilikabidhiwa mapema: ngazi za mbao za nyumba yetu ya Mji Mkongwe, zilizosimama wima utadhani zimegombana na ukuta. Bibi alikuwa ghorofa ya juu, amekaa eda. Hatoki nje, hajifukizi udi, hatii wanja, na mwanamme asiye maharimu wake hapandi. Wanaume wa kupanda tulikuwa wawili tu, ami na mimi. Baba yuko Maskati kikazi. Ami, mdogo wake baba, ana magoti. Sote tuna magoti, lakini ya ami huuma pale anapoitwa juu.

Kwa hiyo habari zote za duniani nilizipandisha mimi. Asubuhi napanda kabla ya skuli kusema bei ya samaki na nani kafariki. Mchana narudi, sijavua hata viatu, nasikia:

"Weee!"

"Naam, bibi!"

"Hebu njoo."

Napanda. Na kila nikipanda swali lilikuwa moja.

"Gari imeoshwa?"

Gari ilikuwa ya babu, rangi ya fedha, na babu aliipenda kwa namna ambayo sisi wajukuu tuliionea wivu. Kila Ijumaa kabla ya sala aliiosha mwenyewe kwa kitambaa chake maalumu ambacho hata mama hakuruhusiwa kukifua. Ndani yake huli hata njugu. Ukifunga mlango kwa nguvu alikuuliza kama na wewe ukifungwa hivyo utapenda. Ilikuwa ikilala Malindi, kwa sababu vichochoro vya mtaani kwetu havipitishi gari, na bibi madirishani mwake asingeweza kuiona hata angechungulia mpaka kiuno.

Bibi alitoa amri siku ile ile ya hitima ya babu. Gari haiguswi ila kwa kuoshwa. Haiendeshwi na mtu mpaka yeye atoke eda, na siku atakayotoka, safari ya kwanza ni Bwejuu kwa dada yake. Bibi ni mtu wa Bwejuu, mjini kaletwa na ndoa. Dada yake ndiye aliyebaki kule, na alikuwa mgonjwa, hata matangani hakuweza kuja. Kila wiki alituma mtu aulize, "Lini?" Na kila aliyetoka kumwona alirudi akituambia kwa sauti ndogo kwamba bora iwe mapema.

Sasa lazima nieleze kususa kwa bibi, maana bila hilo mtu hatuelewi. Wako watu wakisusa unawabembeleza kidogo wanarudi. Bibi yangu akisusa ni kama ukuta wa ngome. Siku moja babu alichelewa kumpeleka harusini kwa mpwa wake, akaja na gari ina vumbi. Bibi akakaa kwenye ngazi ya chini na dhahabu zake zote, akasema, "Sendi." Watu wakaoa, wakala, wakarudi na pilau kwenye sahani, wakamkuta hapo hapo. Ile pilau pia hakuila.

Ndiyo maana siku ami alipoipasua gari, hakuna aliyemcheka zaidi ya dakika moja.

Ami alikuwa na gunia la mchele la kumpelekea rafiki yake, na hakutaka kulibeba. Akachukua ufunguo. Hilo peke yake lilikuwa kosa, lakini la pili ndilo lililomaliza kazi: aliiingiza gari kichochoroni. Kichochoro kile kilijengwa kwa ajili ya watu na punda mwembamba. Mimi nilikuwa narudi skuli, nikamkuta katikati, na wazee wa barazani wote wamesimama wakimwongoza.

"Njoo, njoo, njoo!"

"Kata kulia!"

"Kulia kwangu ama kulia kwako?"

"Kulia kwa gari, bwana!"

"Gari ina kulia kwake? Wewe umesomea wapi?"

"Nyote mnampoteza," akasema mmoja ambaye hakunyanyua macho kwenye kahawa yake. "Mwacheni aje tu. Pana nafasi."

Ami akaja tu. Pembe ya baraza ikaingia kwenye bampa la mbele, na plastiki ikalia kama mtu aliyekanyagwa. Ufa ukaanza karibu na taa, ukashuka, ukapita chini ya kibao cha namba. Baraza lilipoteza chokaa kidogo. Wale waongozaji wote wakakaa, na kila mmoja akamwambia mwenzake, "Nilisema mimi."

Ami alishuka akaangalia. Alipiga magoti bila kulalamika, ndipo nikajua mambo ni mazito.

"Bibi yako asijue," akasema.

"Atajua."

"Atajua vipi? Yumo eda."

"Eda inakwisha, ami. Kisha ataiona, atasusa, na Bwejuu hendi. Na dada yake..."

"Funga mdomo," akasema ami, lakini kwa upole, kwa sababu na yeye alikuwa amefika hapo hapo.

Dawa ya kwanza ilikuwa gundi. Ami alinunua ile ya kichupa kidogo, akaniambia nikamate midomo miwili ya ufa niibane sawasawa. Nilibana mpaka mikono ikafa ganzi. Nilipoachia, bampa lilifunguka polepole kama linapiga mwayo. Kilichoshikana vizuri kilikuwa kidole cha ami na kibao cha namba. Tulimbandua kwa maji ya moto, na maneno aliyoyasema siyaandiki, kwa sababu hata mimi nina mipaka.

Ya pili ilikuwa fundi, Mtoni, barabara ya Bububu. Fundi huyu alikuwa kijana mwenye maneno mengi, anamwita kila mtu "mheshimiwa", na kazi zake zote alizianza kwa ari na kuziacha njiani kwa ari ile ile. Alisema bampa la plastiki halitiwi gundi, linashonwa kwa moto. Ufa unachimbwa mfereji kwa chuma cha kulehemu, vinazamishwa vipande vya waya kuvuka mfereji kama mshono wa hospitali, kisha juu yake inayeyushwa plastiki ya jamii ile ile, kutoka bampa jengine bovu. Baada ya hapo msasa, puti ya kusawazisha, na rangi. Alieleza vizuri sana. Nilitamani kazi yenyewe ingekuwa kueleza.

"Itakuwa tayari lini?" aliuliza ami.

"Kesho, mheshimiwa. Inshallah."

Kesho ile ilikuwa ndefu. Ami alisema yeye hawezi kukaa pale, magoti, kwa hiyo kila nikitoka skuli nilikwenda Mtoni kumsimamia mtu asiyekuwapo. Nilikaa juu ya tairi na daftari la Jiografia. Mtihani ulikuwa unakuja. Nimesoma mito yote ya Afrika katika harufu ya plastiki iliyoungua, na hadi leo nikisikia neno Kongo koo linakereketa. Fundi akija, anachoma kidogo, anapokea simu, anakwenda kuangalia mpira, anarudi anasema chuma kimepoa. Nikirudi nyumbani, ngazi zinaningoja.

"Gari imeoshwa?"

"Imeoshwa, bibi."

"Mbona unanuka?"

Bibi kwa kukaa muda wote huo bila manukato, pua yake ilikuwa kali kama ya paka.

"Maabara, bibi. Kemia."

"Wanakufundisheni kuchoma nini huko?"

"Kila kitu, bibi."

Alikuwa akinitazama, halafu anatazama dirishani. Zamani alikuwa akiniita mume wangu, kwa utani, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu. "Mume wangu, umekula?" "Mume wangu, leo nina wivu, ulikuwa na nani?" Babu akisikia anajidai kukasirika, ananiuliza kama nina mahari. Tangu babu alipozikwa, utani ule bibi aliuweka. Nikawa "we". Na ngazi zikazidi kuwa nyingi.

Siku fundi alipolifungua bampa lote ili alifanyie kazi kwa ndani, aliligeuza juu ya meza, akapiga mluzi.

"Mheshimiwa, njoo uone."

Nyuma ya bampa, upande wa pili na ule alioupasua ami, palikuwa na kiraka. Kiraka cha plastiki ya bluu, kimekatwa kwa kisu, pembe zake zimezungushwa ili zisikwaruze. Kimetobolewa vitundu pembeni, bila shaka kwa msumari wa moto, na kimeshonwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Mishono ilikuwa midogo na imelingana, na kila mwisho wa mshipi umefungwa fundo mara mbili. Kwa nje ufa wake haukuonekana, umezibwa na kupakwa rangi kwa brashi ndogo.

"Huyu mzee wako kaligonga zamani," akasema fundi. "Kisha kalitibu mwenyewe kimya kimya. Kashona kuliko fundi cherehani."

Mimi sikuwa naangalia mishono. Nilikuwa naangalia ile bluu, yenye maua meupe madogo yaliyofifia. Lile lilikuwa beseni.

Beseni la bluu bibi aliletewa zawadi na dada yake wa Bwejuu, na lilipotea nilipokuwa bado skuli ya msingi. Kesi ilisikilizwa sebuleni. Mtuhumiwa nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa na historia. Ilisemekana nimewauzia wanunua vyuma chakavu, ingawa beseni ni plastiki, lakini mahakama ile haikujali ushahidi. Nililala kifudifudi kwa kandambili za bibi. Na babu, nakumbuka, alikuwa amekaa pale pale na tasbihi mkononi. Bibi alimuuliza mbele yangu, "Bwana, wewe hukuliona?" Babu akasema, "Wallahi sijui liliko," kisha akanipa mimi mawaidha juu ya amana.

Nilikaa chini, Mtoni, kwenye vumbi. Nilicheka mpaka fundi akaniuliza kama nimekula kitu. Halafu kicheko kikaisha ghafla, nikabaki nimeshika lile bampa, kidole kinapita juu ya mafundo ya babu. Alikuwa na mikono inayotetemeka siku zile. Sijui alishona lini, wala wapi, wala aliogopa kiasi gani.

Ami alipokuja akatazama, kisha akasema, "Kikate ukitupe."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Maiti hatajwi ila kwa mema."

"Na aliyesingiziwa anatajwa kwa nini?"

"Wewe ulikuwa na makosa mengine ambayo hukupigwa. Yamelipana."

Fundi akasema kiraka hakimzuii, bluu ile haishikani na bampa kwa moto, lakini kwa mshipi imeshika miaka na itashika tena, na ufa wa ami uko upande mwengine. Nikamwambia akiache. Ami akanitazama, akaacha kubisha. Nadhani na yeye aliona yale mafundo. Alisema tu nifunge mdomo, na huo ulikuwa wimbo wake wa mwezi mzima.

Bampa lilimalizika. Ufa haukuonekana kabisa, hilo lazima niseme. Kilichoonekana ni rangi. Gari yote ilikuwa imepauka kwa jua na chumvi ya bahari, na fundi alipulizia rangi ya fedha mpya, inayong'ara. Gari ikawa kama mzee aliyetia meno ya bandia ya mbele tu.

"Ikipata vumbi itafanana," akasema fundi.

"Haipati vumbi," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayeiosha."

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja tangu asubuhi. Walimwogesha bibi, wakamvisha nguo mpya, wakamfukiza. Moshi wa udi ulishuka ngazini kabla yake, na mama yangu akasimama jikoni na mwiko mkononi akalia kidogo bila sauti. Bibi akashuka. Alishuka pole pole, mkono mmoja ukutani, mwengine begani kwangu, na kichochoroni watu walitoka milangoni kumwamkia, "Shikamoo, bibi," na yeye, "Marahaba, marahaba," mpaka Malindi.

Akafika mbele ya gari. Akasimama.

"Hii nini?"

"Tumeipaka rangi, mama," akasema ami. "Kwa heshima yako."

"Mbele tu?"

"Nyuma itafuata."

"Rangi inafuata? Inakuja na miguu?" Alimtazama ami mpaka ami akaanza kusugua goti. "Umeiendesha."

Ami akazidi kusugua.

"Nilisema isiguswe. Mwenyewe hata udongo wake haujakauka, ushamchezea kitu chake." Akageuka, akatafuta baraza la karibu, akakaa. Akakusanya buibui lake miguuni. "Sendi."

Ilisemwa vile vile kama siku ya harusi. Mama akaanza kubembeleza. Ami akasema atatafuta gari nyengine, teksi nzuri yenye kiyoyozi, na bibi hakugeuza hata shingo. Nikamfikiria yule mgonjwa wa Bwejuu, ambaye bila shaka alikuwa amevaa nguo nzuri tangu alfajiri. Na mimi nilikuwa nimechoka. Nilichoka na ngazi, na Mtoni, na Kongo, na kupandisha maneno ya ami juu na kushusha maswali ya bibi chini. Nikasema tu.

"Bibi, babu naye aliigonga."

"Astaghfirullah!" ami akaruka. "Maiti huyo!"

"Maiti mwenye beseni."

Bibi akageuza shingo. "Beseni gani?"

Nililala chini na kanzu yangu nyeupe, nikaingiza simu chini ya bampa, nikapiga picha na taa. Nikatoka, nikamkuzia picha kwa vidole viwili, nikamwekea mbele ya macho. Maua meupe yalionekana kila moja.

Bibi aliangalia muda mrefu. Alichukua simu yenyewe, akaisogeza, akairudisha.

"Hili beseni langu."

"Ndiyo, bibi."

"Huu mkono wake. Mafundo mawili mawili. Hata vifungo vya shati alivifunga hivi." Kisha sauti ikabadilika. "Kaniapia huyu! Kakaa pale na tasbihi kaniapia wallahi!"

"Ndiyo, bibi."

"Na mimi nikakuchapa wewe."

"Kwa kandambili."

"Uliumia?"

"Bado naumia."

"Dada yangu aliniambia," akasema, na sasa alikuwa anasimama, buibui linapepea. "Siku ile ile aliniambia, mumeo huyo anajua beseni liliko, mtazame macho yake. Mimi nikamtetea. Nikamwambia dada yangu maneno, mimi, kwa ajili ya bwana huyu! Fungua mlango, nikamwambie."

"Wa mbele ama wa nyuma?" akauliza ami.

"Wa mbele. Nami nikuone unavyoendesha."

Kutoka mjini mpaka msitu wa Jozani bibi alimgombeza babu. Hakumsema, alimgombeza, kana kwamba yupo kati yake na ami pale kwenye gia. "We bwana we, ungeniambia ningekula? Gari yako, bampa lako, ungesema nimegonga, basi. Wakata beseni la watu!" Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba namsikia akisema mfululizo bila kituo. Ami aliendesha, uso wake umetulia kama wa mtu aliyeokoka. Penye kima wanaovuka barabara, bibi akavuta pumzi, akamgeukia.

"Na wewe usidhani nishamaliza. Wewe unakuja."

Dada yake alikuwa amelazwa chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa dirishani. Niliona mkono mwembamba tu ukinyanyuka. Bibi aliingia, mlango ukarudishwa, na mimi nikaegemea ukuta wa mawe, nikafumba macho. Nilitegemea kilio. Nilisikia sauti ya bibi ikienda mbio, halafu sauti nyengine, kavu, ikisema kitu, halafu zote mbili pamoja. Nilikuwa karibu nalala.

"Weee!"

"Naam, bibi!"

"Lete gari hapa dirishani. Dada anataka kuliona bampa kwa macho yake."

"Bibi, hapo ni mchanga mtupu."

"Lete."

Ami akaileta. Ilifika karibu kabisa na dirisha, bampa linang'ara juani, kisha magurudumu yakazama mpaka nusu. Nilimpelekea mgonjwa ile simu, akaangalia picha, akaangalia bampa, akacheka kicheko kilichochanganyika na kikohozi. Bibi akampiga piga mgongoni huku akisema, "Nakwambia, wallahi kasema, na tasbihi!"

Kuitoa ilibidi irudi nyuma. Ami akawasha, mimi nikazunguka mbele kusukuma, jasho linaniingia machoni.

"Usishike bampa!" ami akapiga kelele kutoka ndani.

"Nishike wapi sasa? Mbele yote ni bampa!"

"Shika popote, si hapo!"

Dirishani, vichwa viwili vya kizee vilikuwa vimetokeza pamoja, vinatoa maelekezo, mmoja anasema kushoto, mwengine anasema kulia, na mimi nikaweka mikono juu ya boneti iliyochomwa na jua, nikasukuma.